Sabuni yenye inatoa madoa

SWALI: Mhariri, kila nikipita Kenyatta Avenue hapa Nakuru nakutana na bango kubwa: "Sabuni yenye inatoa madoa yote kwa wewe na familia yako." Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu. Wajukuu wananiambia niachane nalo, ati hata Wamarekani huvunja sarufi kwenye matangazo. Je, nanung'unika bure?
Mwalimu mstaafu, Section 58

JIBU: Hunung'uniki bure, Mwalimu. Wajukuu wana hoja, tena ya kweli. Mwaka 1954 sigara za Winston zilitangazwa Marekani kwa maneno "Winston tastes good like a cigarette should", walimu wakapiga kelele kwamba "like" imekalia kiti cha "as". Baadaye kampuni ikawajibu kwa tangazo jingine lililouliza watu wanataka nini, sarufi nzuri au ladha nzuri. Apple nao mwaka 1997 wakaja na "Think different", pale ambapo sarufi ilidai "differently". Lakini wale walivunja kanuni wakijua wanachotafuta. Bango lako halikutafuta chochote. Limeandikwa na mtu asiyejali.

Ona "yenye" hapo. Kazi yake ni kuonyesha kilichomo: sabuni yenye povu, chumba chenye madirisha mawili. Haifuatwi na kitenzi. Ukitaka kitenzi, sema inayotoa, basi, na bango linabaki na nafasi! "Kwa wewe" ndiyo inayotoboa siri: hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Nimewahi kuhariri matangazo ya redio. Yalikuwa yakitufikia yameshaandikwa na kuidhinishwa kwa Kiingereza, Kiswahili anaachiwa yeyote aliye karibu, jioni, na kesho yake ni kurekodi. Pesa za mpiga picha zipo, za mhariri hazipo. Hilo linaniudhi sana, kwa sababu pesa za msomaji wa Kiswahili wanazitaka.

Fundi wa Kaptembwo aliyechora "nyama ya ngombe" ukutani mwa bucha, bila ule mkato wa ng', mimi simgusi. Ana brashi na kopo la rangi tu. Kampuni yenye mabango mji mzima haina kisingizio.

Basi piga picha, uwaandikie kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Usiwafundishe ngeli, hawatasoma. Wape sentensi iliyo tayari kwenda kwa mchapishaji: "Sabuni inayotoa madoa yote, kwako na kwa familia yako."