Mzee wa Daftari: "Nimeshona magauni 31, pesa iko wapi?"

SWALI: Mzee wa Daftari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Ngamiani hapa Tanga. Ramadhani iliyopita nilishona magauni 31 ya Idi, ujira 20,000 kila moja. Mteja anatoa kianzio 10,000, anamalizia akija kuchukua. Kitambaa analeta mwenyewe. Uzi, zipu na bitana juu yangu, kama 4,500 kwa gauni. Msaidizi alishona 12, nikampa 6,000 kila moja. Kodi ya fremu 60,000, luku 25,000 maana pasi inakula. Nyumbani natoa 8,000 kila siku, mboga na mkaa. Wateja sita wamechukua nguo hawajamalizia. Siku ya pili ya Idi nafungua pochi, nakuta 20,000. Mume wangu anasema mkono wangu una tundu. Nimeibiwa? Halafu, nikope 400,000 ninunue cherehani ya umeme? Kwa mwezi wa kawaida naingiza kama 500,000.
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaibiwa, na mumeo mwambie anyamaze kwanza tupige hesabu.

Magauni 31 ni 620,000. Uzi, zipu na bitana vimekula 139,500. Msaidizi 72,000. Fremu na luku 85,000. Hapo imebaki 323,500. Wale sita wamekushikia 60,000, kwa hiyo mkononi una 263,500. Siku 30 za mboga na mkaa ni 240,000. Imebaki 23,500, nawe umekuta 20,000. Hiyo 3,500 nakusamehe, ni vocha na maji ya kufuturu.

Umeona? Pesa yako yote ina kwao. Ile 240,000 ndiyo mshahara wako, ila umejilipa kidogo kidogo bila kujua kama unalipwa. Kuanzia leo iandike hivyo hivyo: "Mimi, 8,000." Siku ukichukua 15,000 kwa sababu mgeni amekuja, andika 15,000. Daftari halina haya na wewe usilionee haya.

Lakini kinachoniuma katika barua yako ni kianzio. Wiki ile oda zilipomiminika ulishika 310,000 na hujakata hata kitambaa kimoja. Ukajiona unazo. Nakujua kwa sababu nilikuwa hivyo. Nilikuwa seremala Keko, Dar es Salaam, mteja akanipa kianzio cha kabati la mninga. Siku ile ile nikalipa ada ya mtoto. Wiki mbili baadaye mbao sina, mteja anapiga simu asubuhi na jioni, nikaishia kwenye mkopo wa kausha damu kununua mbao ambazo nilishalipwa. Kabati lilitoka zuri, faida ikaenda kwenye riba yote.

Kwa hiyo mteja akikupa 10,000, hapo hapo mbele yake toa 4,500 uitie kwenye kopo la vifaa. Kopo kweli, lenye mfuniko, si "nitakumbuka". Hiyo si yako, ni ya zipu. Wanaolipa kwa simu wape laini nyingine ya kazi tu, na kila mwisho wa mwezi chukua taarifa ya miamala uilinganishe na daftari. Meseji zinafutika, mtoto akicheza na simu umekwisha.

Daftari lenyewe la kaunta linatosha. Kushoto iliyoingia, kulia iliyotoka, nyuma kabisa wadaiwa. Andika kabla hujafunga fremu. Ukisema utaandika nyumbani, utakuta ugali unakusubiri na usingizi unakusubiri.

Tena lina faida yake kwenye kodi ya TRA, mamlaka ya mapato. Mauzo yako kwa mwaka ni kama milioni 6. Kwa viwango vya 2024/25, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu za biashara analipa kodi ya 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani wewe 60,000. Daftari la shilingi elfu chache linakurudishia 40,000.

Wale sita wafuate wiki hii, uwaendee mwenyewe, Idi ingali kinywani. Na kuanzia sasa gauni halitoki fremuni bila kumaliziwa, hata la shemeji. Hasa la shemeji.

Mkopo bado. Mwezi wako bora umekuachia 23,500, marejesho ya laki nne utayatoa wapi? Andika miezi mitatu, kisha nitumie kurasa hizo. Nitaanza kwa kutazama ile ya wadaiwa.