Jibu: Mkwe anasema namtesa mtoto kwa kiu

Pole mdogo wangu. Umesema mtoto ana miezi mitatu, unamnyonyesha tu bila maji, na mkwe na majirani wanakusema unamtesa. Yamenikuta hayo hayo hapa Makorora, tena ilikuwa Februari. Joto la Tanga unalijua, hata paka halali ndani.

Mama mkwe alikuwa anakuja na kikombe cha bati na kijiko, kakifunika kwa kitambaa, anakaa barazani ananivizia niende kuoga. Nikibishana naye ndiyo kwanza anapaza sauti, mtaa mzima usikie. Nikaacha. Siku ya kliniki nikamwambia, "Mama, twende wote." Mtoto akatundikwa kwenye mzani, uzito umepanda. Nesi akamweleza kwa adabu kwamba maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, na miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji kingine, labda dawa akiandikiwa. Hayo maji ndiyo huleta kuhara. Mimi nilishasema yote hayo nikaonekana mjuaji, aliposema nesi, mama mkwe akaitika, "ahaa, kumbe!"

Majirani waache. Nilikuwa nawajibu "ndivyo tulivyoambiwa kliniki," naendelea kukuna nazi yangu. Ila mkwe usimvunjie heshima. Mumeo ndiye azungumze na mamake, wewe usiingie hapo.

Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe. Kile kikombe cha bati siku hizi analetewa mama mtu, maji ya mtungini.