Vyura wa bustanini wakati wa baridi kali: maswali yenu

Kidimbwi changu kimeganda juu. Vyura waliomo wanapumuaje?

Kwa ngozi. Mwili wa chura hufuata joto la mahali alipo, hivyo baridi ikizidi, moyo hupiga polepole mno, hali chochote, na oksijeni kidogo iliyomo majini humtosha. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Hayo ndiyo hukaa chini, barafu ikabaki juu kama kifuniko. Kidimbwi chenye kina cha sentimita 60 si rahisi kigande hadi chini.

Mwaka jana barafu ilipoyeyuka nilikuta vyura wengi wamekufa. Ni baridi iliyowaua?

Pole sana, inauma kuona hivyo. Mara nyingi muuaji ni ukosefu wa hewa. Theluji ikifunika barafu, mwanga haufikii mimea ya majini, nayo huacha kutoa oksijeni. Huku nyuma majani yanayooza chini yanaimaliza iliyobaki na kutoa gesi zenye sumu, nazo hazina pa kutokea.

Basi opoa majani kabla baridi haijaanza. Theluji ikianguka, ifagie ukiwa ukingoni, usikanyage barafu. Hili la kufagia ndilo ninalolisisitiza zaidi. Ukitaka tundu la kutolea gesi, weka sufuria yenye maji moto juu ya barafu, iyeyuke taratibu. Usiipige nyundo kamwe, maana mshtuko unawafikia waliolala chini.

Wote hulala majini?

Hapana. Wengi, pamoja na salamanda (ndugu wa chura mwenye mkia, anayefanana na mjusi), hulala nchi kavu: chini ya magogo na mawe, kwenye mashimo ya panya, ndani ya mboji. Usichome uma kwenye mboji mpaka baridi iishe.

Nimemfukua mmoja bila kukusudia. Nimwingize ndani apate joto?

Tafadhali usimwingize. Joto litamwamsha, aanze kutumia akiba yake ya mwili wakati hakuna mdudu wa kula. Mrudishe alipokuwa, umfunike vizuri.

Ni kweli kuna chura anayeganda kisha akazinduka?

Kweli kabisa, na kila nikimfikiria nastaajabu upya. Ni chura wa misituni wa Amerika Kaskazini, anayepatikana hadi Alaska. Yeye hujifunika majani makavu tu. Barafu ikianza kumwingia, ini humwaga glukosi kwa wingi ili seli zisikauke, na barafu hujaa nje ya seli. Karibu theluthi mbili ya maji ya mwilini huganda, moyo husimama, hapumui. Joto likirudi, moyo huanza tena. Vyura wengi wengine hawawezi hivyo, kwa hiyo usijipe moyo kwamba wa kwako atastahimili.

Wataamka lini?

Baridi ikikaribia kuisha, ngoja usiku wa mvua wenye nyuzi 5 hivi au zaidi. Toka na tochi, na utazame unapokanyaga.