Mahindi ya Namanga: usinunue yote kwa mkupuo

Ndugu, umeuliza ununue magunia 300 sasa bei ikiwa chini, au usubiri kwa kuhofia Kenya kufunga mpaka wa Namanga. Hofu yako ina msingi: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu), kisha ikafungua kwa masharti, kikiwemo cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni.

Nunua 150 kwanza. Tafuta mapema msagishaji wa Arusha atakayeuchukua mzigo iwapo mpaka utafungwa, hata kwa bei ndogo. Usikopee mzigo huu, tafadhali. Riba haisubiri lori lililokwama.

Hasara kubwa huanzia kwenye unyevu. Usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umezidi kama asilimia 15: yaanike tena juu ya turubai, kamwe si ardhini. Isipogandia, bado si uthibitisho wa 13.5. Sumukuvu ikishaingia, jua haliitoi, kwa hiyo peleka sampuli maabara kabla ya kulipa.

Kibali cha kusafirisha nje na cheti cha afya ya mimea, muulize wakala wa forodha kabla hujapakia.