Bwana Shamba Anajibu: Kuinamisha Mche wa Bangi kwa Kamba

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mimi ni msomaji wako ninayeishi Hamilton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Tangu mwishoni mwa Mei nina miche mitatu ya bangi nyuma ya nyumba, kila mmoja katika mfuko wa kitambaa wa lita 40, kama sheria ya hapa inavyoruhusu. Mmoja umepaa wima hadi sentimita 70 na ukiendelea hivi utaupita uzio kabla ya Agosti, ilhali matawi yake ya chini ni membamba na yamefunikwa na kivuli. Rafiki yangu alinishauri niukate ncha, lakini nasita. Mwingine aliniambia kwamba kuuinamisha na kuufunga kunatosha. Nilijaribu kuufunga kwa uzi wa mshipi, na baada ya siku chache nikakuta uzi umezama kwenye ganda la shina na mche umelalia upande mmoja hadi mizizi inaonekana. Je, njia hii inafaa kweli, na kama inafaa, inafanywaje? — Msomaji wa Hamilton

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Njia hiyo inafaa, na kwa mche ulio katika hali unayoieleza ndiyo ambayo ningeichagua mimi. Kilichokuangusha ni kuiachia kamba kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mkono. Shina huinamishwa kwa vidole, polepole, hadi likubali kulala. Kamba hufuata baadaye ili kulizuia lisirudi juu. Mtu akifunga kwanza kisha akavuta, nguvu yote huangukia sehemu moja nyembamba ya ganda na kwenye mizizi, na matokeo yake ni hayo uliyoyakuta.

Kabla ya kuendelea, niseme neno kuhusu sheria kwa ajili ya wasomaji wengine walioko huko. Sheria ya Bangi ya Kanada iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018 inaruhusu mimea isiyozidi 4 kwa kila makazi, wala si kwa kila mtu, kwa hiyo nyumba yenye watu wazima watatu bado ina haki ya mimea 4 tu. Majimbo yanaweza kubana zaidi: Quebec imekataza kabisa kilimo cha nyumbani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kanada ilithibitisha kwamba jimbo hilo lina mamlaka ya kufanya hivyo. Aliyepanga nyumba na ausome vizuri mkataba wake, kwa kuwa wenye nyumba wengi wameandika katazo lao humo.

Sasa turudi kwenye mche. Ncha ya shina kuu hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kupitia shina na kuyafanya macho ya pembeni yabaki yamelala. Katika miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog waliikata ncha ya mimea ya jamii ya maharagwe, wakaweka oksini juu ya kidonda, na macho ya pembeni yakaendelea kutulia kana kwamba ncha ingali pale. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeongeza kwamba sukari nayo ina sehemu kubwa, kwani ncha inayokua kwa kasi huivutia kwake na kuyaacha macho ya chini na njaa. Ukiishusha ncha hadi ilingane na matawi au iwe chini yao kidogo, utawala huo hulegea, jua hufika mahali ambapo halikuwa likifika, na matawi yaliyokuwa yamedumaa huanza kupanda yakishindana na shina kuu. Wakulima wa kahawa ya robusta nchini Uganda wanalijua jambo hili vizuri, kwa maana huuinamisha mche mchanga wa mkahawa na kuushikilia chini ili machipukizi kadhaa yaote kutoka kwenye shina lililolazwa, nao hupata mkahawa wa mashina mengi badala ya mmoja.

Shika shina la mche wako na uliangalie kwa karibu. Sehemu ya chini ina mifereji iliyosimama, rangi yake imeanza kufifia kuelekea kahawia, na ukiibana haibonyei. Hiyo imekwisha kukomaa na haitainama bila kupasuka, basi iache. Panda kwa vidole hadi mahali ambapo shina bado ni la kijani kibichi na linanepa ukilisukuma kidogo. Hapo ndipo pa kuanzia. Ifanye kazi hii alasiri, kabla ya kumwagilia, kwa sababu shina lililojaa maji huwa gumu na hukatika upesi. Weka kidole gumba cha mkono mmoja chini ya mahali panapokusudiwa kupinda ili kipaegemeze, na kwa mkono mwingine uipeleke ncha upande huku ukilikanda shina taratibu. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzi zikikatika, simama hapohapo na ufunge ulipofika. Siku mbili au tatu baadaye shina litakuwa limelizoea pindo na litakubali kwenda mbali zaidi.

Kamba ya kwanza, ambayo wengi huisahau, haifungwi kwenye ncha. Hufungwa karibu na udongo, ikilishikilia shina upande ulio kinyume na ule utakaouinamishia. Kama ncha inaelekea mashariki, kamba ya chini iende magharibi. Hiyo ndiyo inayoilinda mizizi, na kama ungekuwa nayo, mche wako usingelala. Kamba ya pili hushika sehemu iliyoinamishwa, nayo huenda kwenye ukingo wa mfuko, ambako unaweza kutoboa matundu madogo au kubana vibanio imara.

Uzi wa mshipi uuweke kando kabisa. Tafuta kitu kipana na laini: vipande vya fulana kuukuu vyenye upana wa kidole, au waya mwembamba uliovikwa plastiki au mpira, kama ule ambao watunza bustani hutumia kufungia waridi. Usifunge fundo linalolikaza shina. Peleka kitambaa nyuma ya shina, kikunje kiwe kitanzi kilicho wazi ambamo kidole chako kidogo kinaweza kupita, kisha fundo lenyewe ulipige kwenye ukingo wa mfuko. Shina la bangi hunenepa haraka katika Julai, na kitanzi kilicholegea leo huweza kuwa kimebana baada ya wiki mbili, kwa hiyo vikague vyote mara kwa mara. Kile kitambaa kilichoacha alama kwenye ganda kisogeze mahali pengine.

Kufikia kesho yake utakuta ncha imejipinda na kuelekea juu tena. Usiudhike, ndivyo mmea unavyoufuata mwanga na kukaidi mvuto wa ardhi. Iache irefuke kidogo, kisha uilaze tena kwa kusogeza kamba mbele. Majani ya chini ya bangi huota mawili mawili yakitazamana, na katika kila pembe kati ya jani na shina kuna jicho. Macho hayo yakitoa matawi, nayo yainamishe kuelekea nje, kila moja upande wake, hadi ukiutazama mche kutoka juu uone nafasi katikati na ncha nyingi zilizo karibu kimo kimoja. Jani kubwa linaloziba tawi lisukume chini ya tawi badala ya kulikata, kwa kuwa jani hilo ndilo linalotengeneza chakula.

Una muda, lakini si mwingi. Kwenu Ontario usiku huanza kurefuka kiasi cha kuichochea bangi itoe maua kuanzia mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Agosti, na katika wiki mbili au tatu za mwanzo wa maua mmea hurefuka kwa kasi ya kushangaza. Maliza kuinamisha kabla ya hapo. Baada ya maua kujitokeza, kamba zibaki kama tegemeo tu, kwani matawi huwa magumu na maua hulemea. Faida nyingine utaiona Septemba, majira ya umande mzito na mvua baridi, wakati ukungu wa kijivu unaposhambulia vichwa vya maua vilivyo vinene na kuvioza kutoka ndani. Mche uliotandazwa hupitisha hewa, na vichwa vyake huwa vya wastani na hukauka upesi baada ya mvua. Kwa mtu wa Hamilton, ambako sakitu yaweza kuingia Oktoba kabla mavuno hayajakamilika, jambo hili lina uzito kuliko idadi ya matawi.

Kuhusu ushauri wa kukata ncha, si mbaya, na wapo wanaokata na kuinamisha pia. Ila kidonda huusimamisha mche kwa siku kadhaa, na kilichokatwa hakirudishwi, ilhali kamba iliyofungwa vibaya hufunguliwa. Miche yako miwili mifupi bado ni laini hadi chini. Ianze mapema wiki hii, nayo itakupa umbo zuri kuliko huo mrefu. Huo mrefu ufukie mizizi kwa udongo mpya, uupumzishe wiki moja, ndipo uuguse.

SWALI: Bwana Shamba, nafuga bangi ya aina ile inayochanua kwa umri wake, chumbani, chini ya taa ya LED, hapa Calgary. Nilipoinamisha shina jana lilipasuka likabaki limening'inia kwa ganda. Je, ning'oe? — Msomaji wa Alberta

JIBU: Usiung'oe. Ikiwa ganda la upande mmoja lingali zima, rudisha shina mahali pake ili vipande vikutane barabara, uzungushie utepe wa kuunganishia miche au utepe wowote laini, kisha uliegemeze kwa kijiti. Baada ya wiki moja au mbili pataota fundo nene, na mara nyingi sehemu hiyo huwa imara kuliko ilivyokuwa. Ikiwa limekatika kabisa, likate sawasawa kwa wembe safi na matawi yaliyo chini yatashika nafasi.

Kwa siku zijazo kumbuka kwamba aina hiyo haingoji usiku mrefu. Huanza kuchanua takribani wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota, na wengi huivuna karibu na wiki ya kumi, kwa hiyo haina muda wa kuuguza majeraha. Iinamishe mara tu inapokuwa na jozi nne au tano za majani, kwa upole, na isikatwe ncha. Chini ya taa faida ni kubwa kuliko uani, kwa sababu mwanga wa taa hupungua upesi kadiri unavyoshuka, na ncha moja iliyoikaribia mno huunguzwa huku matawi ya chini yakikosa.

SWALI: Je, sisi tulioko Mwanza tunaweza kufanya hivyo? — Msomaji wa Mwanza

JIBU: Kwa bangi, hapana, ndugu yangu. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuilima, hata kama ni mche mmoja nyuma ya nyumba, na adhabu yake ni kifungo kizito. Nchini Kenya pia kilimo chake kimekatazwa na sheria ya mwaka 1994. Naomba usijaribu.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, unaweza kuutumia kwenye pasheni. Upandishe mche kwa shina moja hadi kwenye waya ulio juu kama mita mbili, uondoe machipukizi ya pembeni njiani, na ukifika kwenye waya uikate ncha kisha uyalaze matawi mawili yatakayotoka, moja kushoto na moja kulia, ukiyafunga kwa vipande vya kamba ya mgomba mkavu, ambayo ni laini na huoza yenyewe kabla haijaanza kubana.