Jibu langu kuhusu yule mnyama wa pichani

Wapwa zangu,

Tangu nilipowatumia picha ile niliyopigwa kando ya pikipiki ya theluji, nikiwa nimemshika mnyama mweusi mwenye ukanda wa manyoya ya hudhurungi ubavuni, maswali yaliyonifikia kutoka Tabora ni matatu: mnyama huyo ni nani, ngozi yake inauzwa kiasi gani, na je, mjomba anaweza kumwita mmoja wenu aje tutege pamoja. Nitaanza na la fedha, kwa kuwa naona ndilo linalowakosesha usingizi. Mimi ni fundi katika karakana moja mjini Whitehorse, katika eneo la Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, na kila senti niliyowahi kuwatumia ilitoka kwenye karakana hiyo. Kutega natega mwisho wa juma tu, nikiwa msaidizi wa mzee mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, ambaye alileta pikipiki yake itengenezwe kisha akaniuliza kama naogopa baridi. Nilimdanganya kwamba siogopi.

Mnyama mwenyewe anaitwa wolverini. Ninyi mliokulia kwenye mizinga mtamwelewa upesi, maana ni ndugu wa nyegere kabisa, wa familia moja, mwenye miguu mifupi, makucha marefu na ukaidi uleule. Dume hufikia kilo 15 hivi, wakati mwingine zaidi. Jino lake la mwisho la juu limegeukia ndani ya kinywa, na kwa jino hilo hurarua nyama iliyoganda kama jiwe na kuvunja mifupa ya mizoga iliyoachwa na mbwamwitu. Nyayo zake ni pana, hivyo hupita juu ya theluji ambayo mimi huzama hadi mapajani. Dume mmoja huzunguka katika mamia ya kilomita za mraba, na nchi yenyewe ni tupu: Yukon ina ukubwa wa karibu nusu ya Tanzania, lakini watu wake wote ni kama 45,000, na wengi wao wanaishi mjini hapa. Kwa hiyo wolverini hafuatwi, bali husubiriwa mahali atakapopita, kwa mfano kwenye mto ulioganda, kwenye kipito kati ya milima miwili, au palipo na mzoga wa zamani. Shangazi yenu aliuliza kama analiwa. Ana tezi zinazotoa harufu mbaya mno, asiulize tena.

Mzee humtega kwa uadui zaidi kuliko kwa biashara. Riziki yake ya porini ni marteni, mnyama mdogo wa jamii hiyohiyo, na wolverini akishaigundua njia ya mitego huifuata kutoka mtego mmoja hadi mwingine, akila kila kilichonaswa na kuacha mkia tu.

Mtego tunaoutumia unaitwa Conibear, kwa jina la mtegaji wa Kanada aliyeubuni katika miaka ya 1950, na huu wetu ni wa ukubwa wa namba 330. Ni fremu mbili za chuma za mraba, kila upande kama sentimita 25, zilizounganishwa kwa springi mbili, moja kila ubavu. Mnyama akipitisha kichwa na kugusa nyaya za kati, fremu hufyatuka na kumbana shingo na kifua, na ukitegwa sawasawa haimchukui muda kufa, jambo ambalo mzee analijali kuliko alivyotaka nijue. Mtego huo tunauweka kwenye mdomo wa sanduku la mbao lililofungwa pande nyingine zote, huku chambo, ambacho mara nyingi ni pande la nyama ya biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa anayeangusha miti kwa meno, kikifungwa kwa waya nyuma kabisa, ili pasiwe na njia ya kukifikia isipokuwa kupitia kwenye fremu. Sanduku tunalipigilia juu ya gogo lililoegemezwa kwenye msonobari, kwa sababu likiwekwa chini theluji ya usiku mmoja inalifukia, na mbwa wa watu wanaweza kuingiza vichwa. Mtego wenyewe hufungwa kwa waya kwenye mti. Mwisho mzee hupaka tawini kidogo ya ute wa tezi za biva, ambao harufu yake husafiri mbali hata kwenye baridi.

Kazi hiyo yote, kwa maelezo, haizidi nusu saa. Sasa ifikirieni katika nyuzi 40 chini ya sifuri, mwezi wa Desemba, jua likiwapo kwa chini ya saa sita, ambapo kushika waya kunahitaji kuvua glavu na kila ukivua una muda mfupi sana kabla vidole havijaacha kukutii. Majira yangu ya kwanza nilisahau kufunga ndoano za usalama, zile zinazozuia springi zisifyatuke, na nilipokuwa nausogeza mtego ukafyatuka na kuubana mkono wangu wa kushoto juu kidogo ya kifundo. Makoti mawili ndiyo yaliyouokoa mfupa. Mzee hakukimbia wala kupiga kelele. Alitoa kamba mfukoni, akaipitisha mara mbili kwenye macho ya springi, yaani pete zilizo kwenye ncha zake, akakanyaga ncha moja kwa buti na kuvuta ncha nyingine juu hadi springi ikasinyaa, akaifunga ndoano, kisha akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Baada ya hapo aliniamuru niifanye mwenyewe, kwa mkono mmoja, mtego ukiwa kwenye kipande cha mti, mara tano. Tangu siku hiyo kamba yangu iko mfukoni, hata nikienda dukani.

Mnataka bei. Ngozi nzuri hupata dola mia kadhaa za Kanada, na wanunuzi wakubwa ni mafundi wa hapahapa wanaoshona makoti ya baridi, kwa kuwa manyoya ya wolverini yakizungushwa kwenye kofia ya koti hayang'ang'anii sakitu, ile barafu nyepesi inayotokana na pumzi. Unaipangusa kwa mkono na inadondoka. Lakini katika majira mawili tumepata wawili tu, ngozi zote ni za mzee kwa kuwa njia ya mitego ni yake kisheria, na petroli tunachangia. Hesabu yangu mimi ni hasara, na sijutii.

Msidhani pia kwamba mtu huja na kutega apendapo. Karibu Yukon yote imegawanywa katika njia za mitego zilizosajiliwa, zaidi ya 300, na mimi nilisoma kozi kwanza ndipo nikapata leseni ya msaidizi. Serikali ya Kanada ilimweka wolverini mwaka 2018 katika orodha ya wanyama wanaohitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu huzaa kidogo na si kila mwaka. Jike huzaa Februari au Machi katika shimo alilochimba ndani ya theluji, na mzee hushusha masanduku yake ya wolverini Februari inapoingia, ingawa mitego ya marteni huiacha. Kwa hiyo anayetaka kuja Kanada asije kwa sababu ya ngozi. Amalize ufundi wake, ajifunze Kiingereza cha kazini, halafu tuzungumze juu ya karakana.

Wolverini wa tatu, tunayemsubiri sasa, bado hatujampata. Jumamosi iliyopita tulikuta sanduku la kando ya mto limebomolewa kwa nyuma, mbao mbili zimeng'olewa pamoja na misumari yake, chambo hakipo, na mtego uko palepale mdomoni umetegwa vilevile, kama tulivyouacha. Nilimkumbuka babu yenu akizunguka mzinga uliopasuliwa, akihesabu masega yaliyobaki na kumsifu nyegere kwa hasira. Mzee alichutama, akatazama nyayo zilizokwenda tatu tatu kwa mshazari kuelekea ng'ambo ya mto, akaniuliza kama karakana ina mabati chakavu. Lipo moja, nimeshalikata.