Kabla hujapeleka mkanda wa harusi kwa fundi

Mwaka juzi mama alinipa mkanda wa harusi ya dada, iliyofungwa Tanga mwaka 1991, nikaupeleka dukani ukahamishiwe kwenye diski. Baada ya wiki nikapewa DVD ndani ya kasha zuri, picha ya maharusi juu yake. Tukakusanyika sebuleni. Mioyo inapaa, maua yanadondoka, na mwanzo hadi mwisho umepigwa muziki ambao siku ile haukuwapo. Bibi, Mungu amrehemu, anaonekana akimwombea dua bi harusi. Midomo inacheza, sauti hakuna. Mama akachukua remoti, akazima. "Hii si harusi yetu," akasema.

Bahati mkanda wenyewe nilirudishiwa. Basi ukimpa mtu kazi hii, mwambie waziwazi: asikate, asipambe, asiguse sauti, na mkanda wako urudi. Hata ukishapata diski, mkanda usiutupe.

Huo niliunakili upya mwenyewe, pamoja na zilizobaki, kanda kumi na tatu zilizokuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama. Ugumu wake hasa ni subira. Mkanda wa saa tatu unanakiliwa kwa saa tatu, dakika kwa dakika.

Kwanza zitambue kanda zako. Nyingi zitakuwa VHS, zile kubwa za kawaida. Kukiwa na ndogo, angalia maandishi. VHS-C huingia kwenye deki ya kawaida ikiwekwa ndani ya kaseti ya kubebea, ambayo mara nyingi huhitaji betri moja ndogo. Zile za Video8 na Hi8 haziingii kwa ujanja wowote, na anayekuuzia kaseti ya kubebea ya aina hiyo anakuibia. Unahitaji kamera ya aina hiyohiyo. Mjomba alikuja na yake kutoka Muscat enzi hizo, Tanzania Bara ikiwa bado haina kituo cha televisheni, na kwetu runinga ilikuwa hasa ya kutazamia kanda. Kamera ile tuliikuta kabatini, nayo ikawaka.

Deki mpya usitafute. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Nilipata ya mtumba, na kabla ya kuilisha chochote cha maana nikaijaribu kwa mkanda wa filamu usio na thamani. Ikautafuna. Fundi akasafisha vichwa, yaani sehemu za deki zinazosoma utepe, na kubadilisha raba. Ukisafisha mwenyewe, chomoa umeme kwanza, tumia alkoholi ya isopropili na kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Pamba za masikio hapana, nyuzi zake hunasa kwenye vichwa.

Sasa ukungu, adui yetu sisi wa pwani. Chungulia kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, usiuingize kwenye deki, maana utachafua vichwa na kuambukiza kanda nyingine. Uweke kando ndani ya mfuko, mahali pakavu, utafute anayejua kusafisha. Usiuanike juani. Mimi nilikuwa na miwili ya hivyo na nilimpa fundi, mmoja ulipona.

Ulio safi, vunja kwanza kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ili usije ukarekodi juu ya harusi kwa kidole kimoja cha bahati mbaya. Kisha upeleke mbele hadi mwisho, uurudishe mwanzo, ndipo uuchezeshe. Utepe uliokaa miaka thelathini bila kuzungushwa huwa umegandamana au umelegea.

Kuunganisha ni rahisi. Waya wa njano ni picha, mwekundu na mweupe ni sauti. Zinaingia kwenye kidude cha kunasa video, chenyewe kinachomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Programu niliyotumia ni OBS Studio, haina malipo. Chagua PAL, mfumo wetu wa mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Mkanda uliorekodiwa Marekani ni NTSC, wa mistari 525, na kwenye deki isiyoujua utaona picha inabingirika au imepoteza rangi. Hapo mkanda hauna kosa. Tafuta deki ya mifumo yote. Na picha iache katika umbo lake la karibu mraba. Ukiivuta ijaze runinga ya kisasa, wote watanenepa.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na ndilo ninalolisisitiza: usiache mashine inakili peke yake. Mwite mtu mzima anayewajua watu waliomo. Nilimwita shangazi. Kila sura ilipopita alitaja jina, mtoto wa nani, alihamia wapi, na aliyekuwa amenuniana na nani siku ile. Niliandika kwenye daftari pamoja na saa na dakika. Mama mmoja anayecheza kwa kanga ya njano, mimi na dada hatukuwahi kumjua. Kumbe ndiye aliyempokea dada alipozaliwa. Hayo hayamo kwenye utepe, na mashine haitakupa.

Umeme ukikatika, kompyuta itabaki na betri lakini deki itazima. Rekodi vipande vya nusu saa, usilie sana.

Kuhusu diski, DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7, na kwa ubora mzuri weka saa moja hadi mbili, usizidishe. Choma kwa mwendo wa polepole. Ukitumia mashine ya kurekodi DVD ya mezani, usisahau kuifunga diski mwishoni (kwenye mashine huandikwa "finalize"), la sivyo deki nyingine haitaisoma. Andika juu yake kwa kalamu laini ya wino, si ya bolpeni, wala usibandike karatasi. Ijaribu kwenye deki tofauti kabla hujamkabidhi mtu. Lakini diski peke yake isikudanganye. Wino ulio ndani hufifia, hasa mahali penye joto na mwanga. Faili lenyewe nililiweka kwenye diski kuu (hard disk) mbili za nje. Moja iko kwangu Dar es Salaam, nyingine kwa dada.

Mama hataki habari za mafaili. Anataka kitu cha kusukuma ndani ya deki na kubonyeza remoti. Diski yake imeshaanza kukwaruzika, kwani kila mgeni lazima amsikie bibi akiomba dua. Nimemchomea nyingine mbili.